Uzi wa Mteja wa Tatu

...na hicho kijani, nani kamwambia aweke kijani, anajiuliza, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu, kijani kile kile cha sabuni ya kuoshea vyombo, kwenye kurasa alizozichora yeye mwenyewe miezi saba, mstari kwa mstari, kitufe kwa kitufe, halafu mtu analala anaamka na kijani, na jina pia kabadilisha, juzi programu iliitwa Fundo, leo inaitwa Fundi Dijitali, Fundi Dijitali! kama kibanda cha kutengeneza redio, na mtu mwenyewe huyu hapa pembeni yake, kiti cha pili kutoka ukutani, macho kayafumba, anajisomea hotuba midomo ikicheza, fikirieni mama mmoja, anasema chini chini, fikirieni mama mmoja fundi cherehani, na vidole vinapunga hewani kama anaongoza kwaya, Mheshimiwa, chuo kizima walimwita Mheshimiwa kwa sababu aligombea uongozi wa wanafunzi mara mbili, akaangushwa mara mbili, na mara zote mbili akasimama kutoa hotuba ya kuwashukuru wapiga kura, na yeye, mjinga yeye, akacheka siku ile akasema huyu ndiye mwenzangu wa kazi, mimi nachora yeye anasema, mimi sina mdomo, yeye hana kingine, tutakamilishana, haya, kamilishaneni sasa, mmekaa hapa mapokezi mnasubiri wawekezaji wawaite, na mmoja wenu anatamani kumng'ata mwenzake sikio. Bado kidogo, anasema dada wa mapokezi bila kuinua uso, waliotangulia hawajamaliza, dakika kumi hivi, maji yako pale. Maji ya nini. Kiyoyozi kinavuma, kiti cha ngozi bandia kinamganda mapajani kila akijisogeza, kitambulisho cha mgeni kinamning'inia shingoni kwa utepe mwekundu kama tikiti ya mzigo.

Kijani angekimeza. Jina nalo, kwa shida, angelimeza na maji yao hayo. Lakini slaidi ya nne, hii hapa, anairudia mara ya sita kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi, slaidi ya nne kaipenyeza bila kumwambia, nusu ya kushoto kaandika KABLA, nusu ya kulia kaandika BAADA, na kwenye KABLA kamweka mama yake, mama yake mzazi, kwenye chumba cha mbele anachoshonea, pini mdomoni, mkasi mkononi, nyuma yake ukuta wa misumari na nyuzi zake zinaning'inia, picha aliyoipiga Mheshimiwa siku aliyokwenda kwao kula, akala, akaongezewa, akasema mama mikono yako ibarikiwe, na sasa chini ya picha hiyo kaandika kwa herufi nyeupe, Hajui kusoma, Hana kumbukumbu, Anapoteza wateja. Hajui kusoma! Mama ambaye kila Jumamosi huwasomea majirani gazeti mpaka matangazo ya vifo, ambaye alimfundisha yeye herufi kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cheusi, a hii, e hii, rudia, leo hajui kusoma, na kapoteza mteja gani, lini, watu wamehama mtaa na bado wanapanda magari mawili kumfuata, hapimi kwa tepu, sawa, hana daftari, sawa, kila mteja ana uzi wake, mama anamsimamisha katikati ya chumba, anapima kwa uzi, fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu, kisha mwanzoni mwa uzi anafunga kipande kidogo cha kitambaa cha mteja mwenyewe ili amjue, anatundika, basi, na ukimuuliza kwa nini huandiki namba mama, anakwambia namba zinaropoka, ukiziweka kwenye daftari kila anayekuja kusubiri nguo atalipekua, kesho mtaa mzima unajua kiuno cha mke wa mwalimu, uzi nao unaropoka wapi, uzi unaongea na mimi tu. Hana kumbukumbu! Na koti hilo la kahawia alilolivaa Mheshimiwa, lililomkaa mabegani kama kazaliwa nalo, kalishona nani? Nyosha mkono baba, alimwambia mama, usijikaze, pumua, mbona unavuta tumbo, sikuchukui jeshini, na akacheka, dakika mbili, hakuna namba hata moja iliyotajwa, na koti halikurudi kurekebishwa hata mara moja. Leo anakwenda kumtukana mama ndani ya koti la mama. Damu inampanda mpaka anaisikia masikioni, inaleta mlio, angelikuwa na kikombe mkononi angelikivunja.

Ule uzi umeubeba, anauliza Mheshimiwa, macho kafumbua. Umo kwenye mkoba. Safi, anasema, basi nikifika pale ninaposema hii ndiyo kumbukumbu yake, wewe unautoa, unampa wa kwanza, unazunguka meza nzima, wauguse, watu wakigusa kitu wanakiamini, halafu ndiyo nafungua mteja wa tatu kwenye skrini kubwa, uzi mkononi, simu ukutani, kabla na baada, watapagawa, nakwambia watapagawa. Yeye anajua kwa nini ni mteja wa tatu na si mwingine, kwa sababu hakuna mwingine, hiyo ndiyo siri ya mfano wa programu, anayeuona hudhani ni programu kamili kumbe ni picha tupu zilizounganishwa kwa kamba zisizoonekana, vitufe ishirini na vitatu na vinavyobonyezeka ni vitano, wateja sita kwenye orodha na anayefunguka ni mmoja, wa tatu, ukimgusa wa kwanza kimya, wa pili kimya, amemfundisha Mheshimiwa wiki nzima kama anavyofundishwa mtu kuvuka barabara, usiguse hapa, usiguse hapa, gusa hapa. Na wa tatu alimchagua mwenyewe, kwa kiburi chake, anakumbuka kiburi hicho, kwa sababu nyuzi nyingine zote kifuani zina fundo moja, mtu ana upande na upande, ukipima mmoja umepima na wa pili, ila uzi huu una mafundo mawili, kushoto ishirini na nne, kulia ishirini na moja, na alipoingiza vipimo hivyo mchoro wa gauni ukajipinda wenyewe na kukaa sawasawa, bila kosa, wiki mbili alizokesha na hesabu za mikunjo zikalipa kwa dakika moja, akaruka peke yake chumbani, akasema programu gani nyingine inaweza hivi, nani. Simu inatetemeka mkononi. Mama mdogo. Mama mdogo anapiga, tena, asubuhi kapiga mara mbili, atakuwa anataka kumtakia heri, si sasa, mama mdogo akianza kusalimia anakuulizia mpaka paka, anakata.

Na mimi jana sikulala hivi hivi, anaendelea Mheshimiwa akijinyoosha kola, wawekezaji siku hizi hawataki maneno, wanataka kuona watumiaji, basi nikachukua kiungo cha mfano wetu nikakirusha kwenye lile kundi la kina mama wa mtaani kwenu, lile mama yako alilonitia siku ile, nikawaambia bonyezeni mumuone mtoto wenu alivyotengeneza, unajua wamebonyeza wangapi? Sitini na mmoja! Asubuhi tu! Kundi gani, anauliza, ingawa amesikia. La mtaani kwenu. Umewatumia kiungo kundi la mtaani? Si ndiyo nakwambia, sitini na mmoja. Na sasa hasira inakuja mpya kabisa, ile ya kijani ilikuwa mchezo, ile ya slaidi ya nne ilikuwa haki yake, hii inatoka tumboni na ina baridi, nani kakuruhusu, anasema, nani kakuruhusu, na dada wa mapokezi anagonga gonga kalamu mezani kuwakumbusha kuwa hapa ni ofisini, na Mheshimiwa ametoa macho, sasa kosa liko wapi, kumetajwa jina la mtu? hakuna jina, mbona umewaka? Hakuna jina, kweli, hakuweka jina, alijisifu hata kwa hilo, badala ya jina na sura kila mteja alimchorea kile kipande cha kitambaa kinachofungwa kwenye uzi wake, wazo la mama, zuri, watu watalipenda, wa kwanza maua ya njano, wa pili mistari, na wa tatu zambarau yenye madoa meupe. Zambarau yenye madoa meupe. Nani mtaa ule asiyelijua gauni lile, lilikwenda harusi tatu na mazishi mawili, likiingia mlangoni watu husema mama mdogo huyo kabla hawajaona uso, na chini ya kitambaa hicho, kwa herufi kubwa, nzuri, alizozichagua kwa siku mbili ili zisomeke hata na mwenye macho mabovu, kifua kushoto ishirini na nne, kifua kulia ishirini na moja.

Mama mdogo alikwenda hospitali mwaka juzi akasema ni nyongo. Akarudi kakonda, kafunga kitambaa kichwani, akasema nyongo hii jamani, na ukoo mzima ukasema pole na nyongo, wakaleta matunda, wakaleta ushauri wa nyongo, wakaondoka. Mama peke yake alijua, kwa sababu mama ndiye aliyemshonea kipande cha sponji ndani ya gauni upande wa kulia, na hakumwambia mtu, hakumwambia hata yeye binti yake, uzi ndio uliomwambia, siku ile aliyokwenda kuomba nyuzi za kupima, mama akampa tano kwa mkono wake, hizi chukua, na yeye akanyoosha kidole kwenye msumari wa juu pembeni, na huu mama, mbona kifuani una mafundo mawili, na mama akatoa pini mdomoni, pini mama hatoi kwa ajili ya mtu, anaongea nazo, anacheka nazo, anagombana nazo, siku ile akazitoa zote akaziweka kwenye mto wake wa pini, akasema, huo uache mwanangu. Huo uache. Hakuongeza neno na hakukuwa na haja, alielewa, asijidanganye leo kwamba hakuelewa, alielewa palepale, na bado mama alipotoka kupeleka nguo ya watu alipanda kwenye kigoda akautoa msumarini, akajiambia ni uzi tu, ni namba tu, nani atajua, nitaurudisha jioni, na jioni zimepita tisini, na uzi uko hapa kwenye mkoba, ndani ya bahasha, unasubiri kuzunguka meza ya wanaume wasiomjua mwenyewe, wauguse, watu wakigusa kitu wanakiamini. Na msumari ule mtupu mama kauona. Hawezi kuwa hajauona, mama anaijua misumari yake kama meno yake. Miezi mitatu anauona msumari mtupu na anamwekea binti yake chakula.

Simu inatetemeka mara moja, si simu ya kupigwa, ni ujumbe, na anaufungua kwa sababu hana pa kukimbilia. Mwanangu nimeona kazi yako hongera sana Mungu akuinue. Kile kitambaa cha zambarau ni changu? Na hivyo vipimo? Basi, hivyo tu, hakuna tusi, angelimtukana ingekuwa nafuu, kamtakia heri kwanza, kaanza na hongera. Lakini vipimo si uliingiza wewe, anasema Mheshimiwa polepole, kauchungulia ujumbe, anaanza kuona kuna jambo, mimi nimegusa rangi tu, na jina, na ile slaidi, namba sikugusa hata moja, si uliingiza wewe? Niliingiza mimi. Anamtazama, koti la kahawia, mshono wa bega umelala kimya, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga kumrukia nayo, umemweka mama yangu hadharani, umemtia aibu, hukumuomba, umeiba picha, yanageuka mdomoni yanamwelekea mwenyewe, moja moja, kwa sababu Mheshimiwa alimweka mama hadharani akiwa na pini mdomoni na nguo zake mwilini, yeye kamvua mama mdogo. Kamvua mbele ya mtaa, na alikuwa anakwenda kumvua tena ukutani kwa projekta, na angesimama pembeni akiona fahari jinsi gauni linavyojipinda.

Anafungua kompyuta magotini. Unafanya nini, anauliza Mheshimiwa. Anamfuta. Unamfuta nani, tumebakiwa na dakika tano, ukimfuta wa tatu hatuna kitu, umesema mwenyewe hakuna mwingine anayefunguka! Zambarau inaondoka, madoa yanaondoka, ishirini na nne, ishirini na moja, nafasi tupu nyeupe, na anajua kwamba huku ni kufagia nyumba ambayo wageni wameshaondoka, watu sitini na mmoja wameshaona, kitufe cha kufuta kinachofuta macho ya watu bado hajakichora, lakini hawa waliomo humo ndani hawajaona na hawataona, hata kama ni miezi saba, hata kama atatoka hapa mikono mitupu akatafute kazi ya kuchora mialiko ya harusi, hawataona. Weka namba zozote basi, Mheshimiwa anabembeleza sasa, sauti imempanda kama ya mtoto, buni tu. Hazibuniwi, anamjibu, wiki ya kwanza nilibuni, mkono wa gauni ukatokea kiunoni, huu mchoro unataka mwili wa mtu kweli. Sasa mwili wa nani, nyuzi nyingine ziko nyumbani! Na hapo anasimama, anavua kitambulisho cha mgeni, anakifungua kutoka kwenye utepe, anakiweka kitini, utepe mwekundu mrefu vya kutosha, na simu yake, ndiyo tepu ya leo, anaijua, sentimita kumi na tano na nusu kutoka juu mpaka chini, ameipima mara elfu. Shika hapa, anamwambia, akijiwekea ncha ya utepe begani. Watu wanatuona, ananong'ona Mheshimiwa. Shika, na ile slaidi ya nne inatoka sasa hivi, au naingia mle nawaambia koti lako kashona nani na ulikula sahani ngapi. Anashika. Bado kidogo, anasema dada wa mapokezi, halafu anabaki anatazama. Bega, fundo. Kifua kutoka katikati kwenda kushoto, fundo, kutoka katikati kwenda kulia, fundo juu ya fundo, ishirini na tatu, ishirini na tatu, sawasawa kabisa, na usawa huo unamchoma kuliko kitu chochote alichokisoma leo, machozi yanakuja kwa hasira na anayaacha yaje, mikono ina kazi. Anaacha kupima aandike ujumbe kwanza, kwa kidole kimoja, ndiyo mama mdogo, ni vyako, mama alinikataza nikauchukua bila kuomba, uzi ninao, jioni nakuletea mwenyewe, anatuma, anairudisha simu kwenye utepe, anauzungusha. Haufiki. Utepe haufiki kiunoni, umepungua kwa vidole vinne, na zamani angevuta tumbo. Anapumua nje, kama mama anavyowaambia watu, usijikaze, pumua. Andika, anamwambia Mheshimiwa, na anaitaja kwa sauti, mapokezi pote pasikie. Kiuno, tisini na saba.